Julai 25: Siku ya Mashujaa ni ya nani, na inatuhusu nini Karagwe na Kyerwa?

Kila mwaka Julai 25 inapofika, wilaya za Karagwe na Kyerwa huwa katikati ya msimu wa kahawa. Wengine wako shambani wanachuma, wengine wanaanika, wengine wamepanga foleni kwenye mizani ya chama cha msingi. Maduka ya Kayanga na Omurushaka yako wazi, bodaboda zinabeba abiria, na ofisi za serikali zinafanya kazi kama kawaida. Kwa wengi wetu ni taarifa ya habari ya redio ndiyo inayotukumbusha kwamba leo ni Siku ya Mashujaa.

Tarumbeta ya maombolezo inasikika redioni, mtangazaji anataja viongozi waliofika mnarani, kisha habari nyingine zinafuata. Mtoto aliyekaa karibu na redio akiuliza, "Mashujaa gani hao?", jibu hutegemea nani yupo nyumbani. Babu akiwepo atasema Vita vya Kagera. Mwalimu atasema Majimaji. Kijana atasema ni siku ya wanajeshi.

Wote watatu wana sehemu ya jibu. Katika makala haya tunaeleza siku hii ilivyo, kinachofanyika, kwa nini mkoa wetu wa Kagera una nafasi ya pekee ndani yake, na kwa nini miaka michache ijayo ni ya muhimu sana kwa kumbukumbu yenyewe.

Ni siku gani, na si siku gani

Siku ya Mashujaa Tanzania huadhimishwa Julai 25 kila mwaka. Ni siku ya kitaifa ya kumbukumbu, lakini si sikukuu ya mapumziko kama Saba Saba, Nane Nane au Desemba 9. Ndiyo maana wengi huipita bila kujua.

Watu wengi pia huichanganya na Septemba 1. Hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lililoundwa Septemba 1, 1964. Jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza lilikuwa limeasi Januari mwaka huo, likavunjwa, na mahali pake pakaanzishwa jeshi jipya. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya. Septemba 1 ni siku ya jeshi lenyewe. Julai 25 ni ya wote waliojitoa kwa ajili ya nchi hii, wawe walivaa sare au hawakuvaa.

Kwa sisi wa mpakani, tofauti huonekana zaidi tukitazama majirani. Mfanyabiashara wa Murongo anayevuka Mto Kagera kwenda Kikagati anajua kwamba Juni 9 upande wa Uganda ni sikukuu ya mashujaa wao, na watu wanapumzika. Februari 6 nako wana siku ya jeshi lao, ambayo wenyewe wanaiita kwa Kiswahili, Tarehe Sita. Kenya nao wana Mashujaa Dei yao Oktoba 20, na ni sikukuu ya mapumziko. Kwetu siku ipo, ibada yake ipo, lakini hatuachi jembe.

Mashujaa wanaokumbukwa ni wa nyakati mbalimbali. Wamo waliopinga ukoloni, wakiwemo wapiganaji wa Majimaji ya mwaka 1905 hadi 1907. Wamo wanajeshi waliokufa katika harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na baadhi yao wamezikwa Naliendele, Mtwara. Wamo waliokufa katika Vita vya Kagera. Na wamo vijana wa siku hizi waliokufa wakilinda amani nje ya nchi, kama wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliouawa Desemba 7, 2017 huko Semuliki, mashariki mwa Kongo.

Kinachofanyika mnarani

Maadhimisho huanza usiku. Saa sita usiku wa kuamkia Julai 25 mwenge wa kumbukumbu huwashwa, ukawaka mchana kutwa, na saa sita usiku unaofuata huzimwa. Asubuhi hufanyika gwaride la heshima, tarumbeta hupigwa, watu husimama kimya, na viongozi wa dini hupokezana kuomba dua na sala.

Kisha huja sehemu ambayo redio haiwezi kuionyesha vizuri, ingawa ndiyo yenye maana kubwa. Viongozi huenda mmoja mmoja kwenye mnara na kuweka kitu. Kwa kawaida mgeni rasmi, ambaye kitaifa mara nyingi ni Rais, huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya wa mji huweka upinde na mishale. Mwakilishi wa wanajeshi wastaafu huweka shoka.

Msomaji, tazama orodha hiyo tena. Jeshi lina vifaru, mizinga na ndege, lakini siku ya kuwaheshimu waliokufa haliweki bunduki mnarani. Linaweka vitu ambavyo babu wa babu yako angevitambua mara moja. Mkuki na ngao ni vya mlinzi wa boma. Sime ni ya mpiganaji wa karibu. Upinde ni wa mwindaji na mlinzi wa kijiji. Shoka ni la mtu yeyote anayefyeka shamba na kukata kuni.

Maana yake ni rahisi kuisoma. Ulinzi wa nchi haukuanza na jeshi la mwaka 1964, wala si kazi ya wenye sare peke yao.

Mkuki una historia hapa kwetu

Karagwe ina haki ya kuusikia ujumbe huo kwa namna yake. Bweranyange ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Karagwe, na Omukama Rumanyika alimpokea mgeni John Hanning Speke mwaka 1861, kisha Henry Morton Stanley mwaka 1876. Miongoni mwa alama za ufalme huo kulikuwa na mikuki, nyundo za wahunzi na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Omukama Ndagara, baba yake Rumanyika, anakumbukwa kwa kuhusishwa na kazi ya ufuaji chuma.

Kwa hiyo mkuki hapa haukuwa silaha tu. Ulikuwa alama ya mamlaka, na aliyeufua aliheshimiwa kama aliyeushika. Mkuki unapowekwa mnarani Julai 25, mzee wa Bweranyange hahitaji kutafsiriwa.

Kuna na desturi nyingine ya ukanda wetu inayosaidia kuielewa siku hii. Wahaya wana ebyebugo, na majirani zetu Wanyankole wana ebyevugo. Ni majigambo ya shujaa. Mpiganaji alisimama mbele ya mtawala na watu, akajitaja kwa majina ya sifa, akaeleza alikopita na alichokifanya. Alikuwa pia anatoa taarifa hadharani, mbele ya wenzake waliokuwa naye vitani, hivyo kudanganya hakukuwa rahisi. Pamoja na hayo kuna nyimbo ndefu za enanga, zinazoimbwa kwa kinanda cha nyuzi, ambazo zimesimulia habari za mashujaa kwa vizazi. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti mkubwa nyimbo hizo za Buhaya.

Tunayataja haya kwa sababu vita vilipokuja mwaka 1978, desturi ya kumpa mpiganaji jina la sifa ilifufuka ndani ya jeshi la kisasa.

Vita vya Kagera kwa ufupi

Kwa aliyezaliwa baadaye, mtiririko wake ni huu.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalianza kuvuka mpaka kwa mashambulizi madogo, na ndege zao zikaushambulia mji wa Bukoba. Oktoba 30 yaliingia kwa nguvu na kuteka eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, ambalo leo liko katika wilaya ya Missenyi. Amin alitangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilibomolewa.

Waliokuwa kaskazini mwa mto walipata mateso makubwa. Raia waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500. Wengine walichukuliwa kupelekwa Uganda, ng'ombe waliswagwa, nyumba zikachomwa na kiwanda cha sukari kikaporwa. Makumi ya maelfu walikimbilia kusini.

Novemba 2, 1978 Rais Julius Nyerere alizungumza na wazee jijini Dar es Salaam, na hotuba ile ilirushwa na redio nchi nzima. Wazee wetu wengi wanaikumbuka kwa maneno matatu: uwezo, sababu na nia. Aliyekuwa na redio kijijini siku ile alikuwa na nyumba iliyojaa watu.

Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuliwa kwa wiki chache hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Waliingia vijana wa JKT, polisi, magereza na wakulima waliokuwa wamepata mafunzo ya mgambo vijijini.

Januari 1979 JWTZ iliiteka Mutukula. Februari 24 ikaingia Masaka na siku iliyofuata Mbarara. Machi kulikuwa na mapigano makali ya Lukaya, ambako wanajeshi wa Libya walipigana upande wa Amin. Aprili 7 Entebbe ikaanguka, na Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao. Watu wa Uganda walilijua hilo kupitia redio, pale David Oyite-Ojok alipotangaza kutoka Redio Uganda kwamba serikali ya Amin imeanguka. Vita vilimalizika Juni 3, 1979 majeshi yalipofika mpaka wa Sudan.

Makamanda na majina yao

Mkuu wa Majeshi wakati wa vita alikuwa Abdallah Twalipo. Lakini majina yaliyobaki midomoni mwa watu ni ya makamanda wa uwanjani, na mengi si majina waliyopewa na wazazi wao.

David Musuguri aliongoza Divisheni ya 20, iliyobeba uzito wa mapambano. Aliitwa Jenerali Mutukula, kwa jina la mji wa mpakani ulioona nguvu ya jeshi lake. Silas Mayunga, aliyeongoza Brigedi ya 206 kuelekea Mbarara, aliitwa Mti Mkavu. John Walden wa Brigedi ya 207 aliitwa Black Mamba, yaani koboko, nyoka asiyesubiri. Mwita Marwa wa Brigedi ya 208 aliitwa Kambale. Ben Msuya hakuhitaji jina la ziada, kwani kikosi chake ndicho kilichoingia katikati ya Kampala.

Mti Mkavu, Koboko, Kambale: haya ni majina ya sifa ya aina ile ile waliyojitaja nayo wapiganaji wa zamani mbele ya Omukama. Mti mkavu hautikiswi na upepo kwa kuwa hauna majani ya kupeperushwa. Kambale hushikika kwa shida. Hakuna kitabu cha jeshi kinachofundisha kuwapa makamanda majina hayo. Askari waliyatoa katika utamaduni waliotoka nao nyumbani, na raia wakayapokea.

Musuguri ndiye anayeunganisha nyakati zote hizo. Alizaliwa Butiama mwaka 1920 na aliingia jeshi la KAR la Waingereza mwaka 1942, akapigana Madagascar katika Vita Kuu ya Pili. Mtu aliyekuwa askari wa mkoloni alikuja kuongoza divisheni ya nchi huru, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 29, 2024 akiwa na umri wa miaka 104.

Urithi waliotuachia

Tukisema urithi wa maofisa na askari wale, wengi hufikiria minara tu. Minara ipo, na mkubwa kwa mkoa wetu ni wa makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba. Hapo wamelala wanajeshi waliokufa katika Vita vya Kagera, na majina yao yameandikwa. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa ya Julai 25 yaliletwa hapo Kaboya yakiongozwa na Rais Jakaya Kikwete. Kyaka nako kuna magofu ya kanisa lililoharibiwa wakati wa vita. Ukitoka Karagwe kwenda Bukoba kwa barabara ya lami ya Bugene hadi Kyaka, unapita karibu na kumbukumbu hiyo bila hata kupanga safari.

Lakini urithi mwingine tunao kila siku bila kuutambua.

Jina la mkoa ni mojawapo. Kabla ya vita mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi. Mwaka 1979 ukapewa jina la Kagera. Kila unapoandika anuani yako au kujaza fomu, unaandika kumbukumbu ya vita vile. Mjini Bukoba viko viwanja vya Mayunga, jina lile lile la jenerali, na vijana hukutana hapo kwa mikutano na sherehe.

Lugha nayo imebeba mengi. Neno "nduli" lilikuwepo kabla ya Amin, lakini kwa Mtanzania wa kizazi kile likitajwa peke yake linamaanisha mtu mmoja. Upande wa Uganda, mizinga ya roketi ya JWTZ iliitwa Saba Saba, na wazee wa kule bado wanaikumbuka kwa mlio wake. Jeshi pia liliingia katika muziki: bendi ya Mwenge Jazz, iliyochezesha watu dansi kwa miaka mingi, ilikuwa ya JWTZ.

Na kuna urithi wa amani, ambao Kyerwa inauona kuliko wilaya nyingi. Pale Murongo na Kikagati, mto ule ule uliowahi kutenganisha majeshi sasa una mtambo wa umeme wa megawati 14 ambao umeme wake ni wa nchi zote mbili. Watu wanaoana, wanauziana ndizi na maharage, na wanahudhuria misiba ya upande wa pili. Waliokufa walikufa ili mpaka uheshimiwe. Ukishaheshimiwa, unavukika kwa amani.

Wasiotajwa mnarani

Hapa ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Majina tuliyoyataja hapo juu ni ya maofisa. Yameandikwa vitabuni, yametajwa redioni, mengine yamepewa viwanja. Hilo ni sawa, kwani kuongoza watu vitani ni mzigo mkubwa. Lakini ofisa hakuvuka mto peke yake.

Jijini Dar es Salaam, katikati ya mji, ipo Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi katika vita ile, kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Sanamu haina jina la hata mmoja wao. Ina umbo la askari, na mpita njia hawezi kujua ni wa wapi wala aliacha nani nyumbani.

Vita vya Kagera havijafika huko bado, lakini njia ni ile ile. Mgambo aliyetoka kijijini mwaka 1978, akapigana, akarudi shambani kwake mwaka 1979, hana kitabu. Mama aliyepika chakula cha askari na kulaza wakimbizi sebuleni hana nishani. Dereva wa lori lililochukuliwa kwa ajili ya vita, mtoto aliyekimbia na ng'ombe watatu na kufika na mmoja, mwalimu aliyegeuza darasa kuwa malazi: hawa hawamo kwenye orodha ya Kaboya kwa sababu hawakufa, au walikufa bila sare.

Fanya hesabu nyepesi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1958. Leo ni mzee anayekaribia miaka 70. Aliyekuwa na miaka 35 na watoto wanne, ambaye aliona mengi kwa macho ya mtu mzima, sasa amevuka miaka 80. Kila msimu wa kahawa unaopita tunazika baadhi yao. Jenerali akifariki taifa linatangaziwa, na wasifu wake unasomwa. Mgambo akifariki, padri, mchungaji au shehe ataeleza kwa sentensi moja kwamba marehemu alipigana vita vya Amin, kisha kaburi litafunikwa, na kila alichokijua kitaondoka naye.

Wazee wa zamani walikuwa na jibu la tatizo hili. Majigambo yalimpa kila mpiganaji, si mkuu peke yake, nafasi ya kusimama na kujieleza mbele ya watu, ili yaliyotendeka yabaki kwa jamii. Tumeurithi mkuki na tunauweka mnarani. Kile kikao cha kumsikiliza aliyeushika ndicho tulichokiacha.

Unaweza kufanya nini Julai 25

Huhitaji kusubiri serikali wala nauli ya kwenda Kaboya. Mambo manne yanawezekana katika kijiji chochote cha Karagwe na Kyerwa.

Kwanza, mtembelee mzee mmoja unayemfahamu aliyekuwa mtu mzima au kijana mwaka 1978. Nenda kwa heshima, umwamkie, ukae, umpe nafasi. Usianze na swali la alimuua nani. Wengi waliopigana hawapendi kuulizwa hivyo, na wengine wameficha maumivu kwa miaka zaidi ya 40. Maswali mepesi hufungua zaidi: Ulikuwa wapi uliposikia hotuba ya Mwalimu? Ulikwenda na nani? Mlikula nini? Nani hakurudi? Uliporudi nyumbani ulikuta nini? Usiwasahau akina mama. Mara nyingi kumbukumbu ya nyumbani iko kwao, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Pili, rekodi. Simu ya mkononi inatosha. Weka simu karibu na msemaji, zima muziki, funga mlango kuku wasiingie. Mwanzoni taja tarehe, kijiji na jina la mzee kwa ruhusa yake. Akipenda kuzungumza Kinyambo au Kihaya, mwache azungumze. Kuna maneno ya vita vile ambayo hayana uzito ule ule kwa Kiswahili. Hifadhi nakala mahali pawili, na mwachie moja mtu wa familia yake.

Tatu, mpe mzee akuonyeshe alichonacho: picha, cheti, kofia, barua, nishani. Piga picha, lakini usikichukue. Vitu vya aina hii vikitoka nyumbani mara chache hurudi.

Nne, walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya mtu wa kijiji chao aliyeshiriki vita au aliyeathirika. Shule yenye wanafunzi 40 wa darasa moja itakuwa na kurasa 40. Baada ya miaka mitano itakuwa na kitabu ambacho maktaba yoyote nchini haina.

Tahadhari moja. Ukimsikiliza mzee, andika alichosema kama alivyosema. Akikosea tarehe, usimkatize. Tarehe za vita tayari zimo vitabuni. Ambacho hakimo ni kile alichokiona yeye akiwa amesimama pale alipokuwa.

Jibu la swali la mtoto

Tukirudi kwa yule mtoto aliyeuliza "Mashujaa gani hao?", jibu fupi ni kwamba Siku ya Mashujaa ni ya wote waliojitoa kwa ajili ya nchi: majenerali wenye majina makubwa, askari waliolala Kaboya, na watu wa kawaida waliobeba vita vile kwa mikono yao. Vitu vinavyowekwa mnarani vinasema hivyo hivyo. Mkuki na sime viko pale, na shoka la mkulima liko kando yake.

Jibu refu liko kwa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwako. Mwaka huu kahawa itakapokuwa imeanikwa jioni ya Julai 25, mpelekee mzee huyo ndizi au sukari kidogo, kaa naye, na umwombe akusimulie.